Miguu ya Wastani

Toronto, 2 Julai 2007

Dada Otilia,

Shikamoo. Huku tuko wazima. Joto limepanda, na lifti ya jengo letu hapa St. James Town imekufa tena, kwa hiyo goti langu la kushoto linafanya mazoezi ambayo daktari hakuyaagiza. Binti yako Luiza hajambo. Amehamishiwa zamu ya asubuhi kwenye ghala kule Brampton, anaondoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na Jumapili analala kanisani akiwa amekaa wima. Nimemwona. Padri naye amemwona.

Sasa habari ya mjukuu wako. Naiandika mapema kwa sababu Luiza akikupigia simu husikii, unasikia maji tu, na kesho yake unaniandikia mambo ambayo hakuna aliyeyasema. Timu kubwa ya hapa mjini, ile ya hoki ya barafu ambayo nimekuwa nikiiripoti kwa miaka ishirini na zaidi, imemwita Jason kwenye kambi yake ya chipukizi. Hajasajiliwa. Ameitwa ajaribiwe, pamoja na vijana wengine. Septemba wataitwa tena wakiwa pamoja na wachezaji wapya ambao timu imewasajili kutoka kwingine, na hapo ndipo wengine watabaki na wengine watarudishwa makwao.

Umeniuliza mara mbili kama atakuwa Tanga Krismasi, kabla parokia haijaichukua nyumba yao. Jibu ni hili. Msimu wa barafu unaanza Oktoba na unaisha Aprili. Wakimchukua, Krismasi atakuwa hapa akicheza. Wasipomchukua, Luiza amesema mbele yangu kwamba atampandisha ndege. Zaidi ya hapo sijui.

Wasalimie waumini wote wanaonikumbuka, kama wamebaki.

Mdogo wako,
Rosario


Tanga, 27 Julai 2007

Mdogo wangu Rosario,

Marahaba. Mimi nipo. Mvua za mwaka huu ziliingia jikoni kupitia palepale zilipoingia mwaka jana, na fundi amekuja kupatazama palepale alipopatazama mwaka jana. Jirani yangu Shahbanu amefunga duka lake la vitambaa moja kwa moja, anasema macho hayaoni tena uzi, lakini anaona vizuri sana nani ameingia kwangu na saa ngapi ametoka.

Paroko amekuja mwenyewe kuniambia, hakutuma mtu. Nyumba wanaitaka mwisho wa mwaka, watakaa walimu. Mimi nitakwenda Dar kwa masista, wana vyumba vya wazee. Sina neno. Leonce wangu alipewa nyumba hii akiwa karani wa parokia, na tumeikalia miaka ishirini tangu afariki, zaidi ya ilivyostahili. Ila Jason alijifunza kutembea kwenye sakafu hii. Nilimlea hadi miaka mitano, Luiza akatuma tiketi, nikampeleka uwanja wa ndege, akanipungia mkono kwa furaha kwa sababu alidhani mimi pia napanda. Nataka aingie mlango huu mara moja akiwa mtu mzima, niko ndani. Si kitu kikubwa.

Sasa wewe. Kila mwaka unapima watoto wa watu gazetini, huyu anafaa, huyu hafai. Nipimie wangu. Usinifiche, mimi si mgeni wa hoki. Nilikaa pembeni ya uwanja miaka kumi na minne nikimtazama Leonce akicheza kwenye nyasi, au tuseme kwenye vumbi lenye nyasi. Naomba uniambie mambo matatu. Je, anainua kichwa kabla ya kutoa pasi? Akinyang'anywa, anarudi kukaba au anasimama kumlalamikia mwamuzi? Na miguu yake ikoje?

Jumatatu naomba achukuliwe. Jumanne naomba asichukuliwe. Mtakatifu Antoni sasa atakuwa ananiona mwanamke asiyejua anachotaka.

Wewe hujasema lini utakuja. Nimeacha kuuliza. Naliandika hili ili ujue kwamba nimeacha.

Dada yako,
Otilia


Toronto, 12 Septemba 2007

Dada Otilia,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu. Agosti ilikuwa na kazi.

Luiza anakusalimu. Goti liko vilevile. Lifti imepona.

Kambi imeanza. Nakwenda kila asubuhi na kukaa juu kabisa, mahali ambapo baridi ya barafu haifiki vizuri na makocha hawapendi kupanda. Timu imesajili golikipa kutoka Finland, ana miaka ishirini na mbili, kijana mtulivu sana. Akifungwa anakunywa maji na kurudi golini kama mtu aliyekatizwa kusoma. Nimempenda. Wamesajili pia beki kutoka mikoa ya katikati ya nchi hii, mrefu kama mlango, anayegeuka kama mlango vilevile. Kuna winga mmoja mwenye kasi ambaye kila mtu anamwandika. Mimi sikumwandika sana. Anakimbilia mahali ambapo kisahani, ambacho huku barafuni ndicho mpira, kimeshatoka.

Ijumaa Luiza alipita akitoka kazini, na viatu vyake vya ghalani. Alikaa kando yangu, akamtazama yule beki.

"Mjomba, huyo mlango atanivunjia mtoto."

"Akimkamata."

"Na akimkamata?"

"Basi atamvunja."

"Ungekuwa padri, watu wasingekuja kuungama," akasema, na haikupita muda akalala. Aliamshwa na kishindo, akaruka akiita jina la Jason. Hakuwa Jason. Jason alikuwa upande wa pili, anakunywa maji.

Umeniomba nikupimie kambi. Makala yangu yametoka jana, nimeyakata gazetini na kuyaweka ndani ya bahasha hii. Ni orodha ya vijana kumi na wanane, kuanzia anayefaa zaidi, kila mmoja na sababu yake. Ninayoyafikiria kuhusu kambi hii nimeyaandika humo.

Mdogo wako,
Rosario


Tanga, 3 Oktoba 2007

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma orodha yako kwa miwani, kisha bila miwani, kisha nikamsomea Shahbanu kwa sauti. Majina kumi na manane. Yupo Mfini wako, yupo mlango, yupo hata yule wa kumi na nane ambaye umesema angefaa zaidi kuuza magari. Jason hayupo.

Nimeelewa. Najua ilikuwa vigumu kwako kuniandikia kwa mkono wako, ndiyo maana ukaacha gazeti liseme. Siku ile nilimhurumia sana. Niliketi tu. Mtoto ameamka usiku miaka yote hiyo, amevunjika kidole, amevunjika jino, halafu hata nafasi ya mwisho hakupata.

Kesho yake, Mungu anisamehe, nilifungua madirisha ya chumba chake.

Kimepakwa chokaa. Godoro limetoka juani. Shahbanu anashona mapazia kwa kupapasa, anasema mtoto ataona mapazia yamepinda na atajua ameyashona nani. Nimeagiza nguruwe kwa mtu wa Muheza ili nitengeneze sorpoteli, ule mchuzi wetu wa siki, mapema iwahi kukolea, na keki ya bebinka nitaoka tabaka saba, mkono ukikubali. Nimekwenda kwa paroko nikamweleza kwamba mjukuu anakuja. Ameniongezea mwezi, nikae hadi mwisho wa Januari. Kwaya nzima inajua. Mzee wa kinanda ameuliza kama anaweza kutuchezea hoki uwanjani, nikamwambia mwache kwanza apumzike.

Mwambie Luiza asimpe pole mbele ya watu. Mwambie aniandikie tu siku ya kufika. Na Jason mwambie hapa hakuna atakayemuuliza habari za orodha.

Dada yako,
Otilia


Toronto, 25 Oktoba 2007

Dada Otilia,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Kaa chini kabla hujaendelea.

Jason amechukuliwa. Tarehe mbili Oktoba, siku moja kabla hujaniandikia, alisaini mkataba wa timu ya pili, ile inayolea vijana wa timu kubwa na kucheza hapahapa mjini. Ana mechi tarehe ishirini na sita Desemba na nyingine tarehe ishirini na nane. Hatakuja Krismasi.

Hakuwa kwenye orodha kwa sababu siandiki habari za ndugu. Sijawahi. Nilidhani unakumbuka. Mwaka ule Leonce alipofunga mabao mawili kwenye fainali pale Dar, niliandika kwamba "Tanga walipata mabao yao kipindi cha pili", na hakusema nami hadi Pasaka. Mhariri wangu wa hapa anaijua kanuni hiyo. Jason anaijua. Asubuhi gazeti lilipotoka alinikuta mlangoni mwa uwanja. Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu Kiingereza, kwa hiyo nakuwekea kwa maneno yangu.

"Babu, umetaja watu kumi na wanane. Kambini tuko kumi na tisa."

"Hesabu yako ni nzuri."

"Na mimi ningekuwa wa ngapi?"

"Nenda mazoezini."

Wewe ndiye ambaye ningepaswa kukueleza, na badala yake nikakutumia gazeti. Umeniuliza mambo matatu nami sikujibu hata moja. Basi nayajibu sasa.

Anainua kichwa. Anaona pasi mapema kuliko wenzake wote isipokuwa mmoja, na mikono yake ni laini. Kisahani kinamfikia kikipiga kelele na kinaondoka kwake kimya. Akinyang'anywa, anarudi kukaba. Kila mara. Sijawahi kumwona akinyoosha mkono kwa mwamuzi. Miguu yake ni ya wastani. Alivaa viatu vya barafu kwanza akiwa na miaka minane, wenzake walivaa wakiwa na mitatu, na pengo hilo linaonekana katika hatua mbili za kwanza. Ningemweka wa kumi na moja kati ya kumi na tisa. Nafikiri atacheza misimu minne au mitano timu ya pili, na huenda akaitwa timu kubwa kwa mechi chache mtu akiumia. Hatakuwa maarufu. Ni mchezaji wa kweli.

Utauliza kwa nini Luiza hakukuandikia. Aliniomba nimwachie yeye akueleze. Nilikwenda kwake Brampton Jumapili, karatasi iko juu ya meza ya jikoni tangu tarehe mbili. Imeandikwa "Mama mpendwa," na mkato, basi.

Jason nilimsomea barua yako jioni hii ndani ya gari. Tulipofika kwao akauliza, kwa Kiswahili, "Chumba ni rangi gani?"

Sikujua. Niandikie.

Mdogo wako,
Rosario


Tanga, 19 Novemba 2007

Rosario,

Marahaba.

Nilikaa na barua yako wiki moja bila kukujibu kwa sababu jibu la kwanza lisingefaa kupita posta.

Mwambie ni nyeupe. Chokaa ni nyeupe, ingekuwa rangi gani nyingine.

Nakumbuka fainali ile. Nakumbuka na kimya cha Leonce, mimi ndiye niliyekuwa nakula naye. Nilisahau tu. Nilipoona jina halipo, sikufikiria kanuni zako, nilifikiria ninachokitaka. Shahbanu anasema hata angekuwepo nisingemwona.

Kwaya nimewaambia baada ya misa. Niliwaambia mjukuu wangu amepata kazi. Walipiga makofi, na mzee wa kinanda akaja kunipongeza kwa mikono miwili, nikawa nasema asante, asante, huku natafuta mlango. Nguruwe alikuwa ameshachinjwa. Sorpoteli imekolea vizuri kuliko miaka yote. Watakula wao.

Kuhusu uliyoniandikia juu ya mtoto: nimeyasoma mara nyingi. Hapo kwenye mikono na hapo kwenye kichwa ni Leonce mtupu. Kukaba ni Luiza. Miguu ni lawama yetu mimi na wewe, maana hadi miaka mitano alikuwa kwangu na Tanga hakuna barafu, na baadaye alikuwa karibu na wewe na ulikuwa na mechi za kuripoti. Lakini wa kumi na moja si haba. Leonce hakuwahi kufika hata nafasi ya kumi na moja katika kitu chochote, na alikuwa anarudi nyumbani anaimba.

Je, anakula? Kwenye picha aliyotuma Luiza shingo ni nyembamba.

Otilia


Toronto, 11 Desemba 2007

Dada Otilia,

Shikamoo. Theluji imeanza. Luiza amekuandikia hatimaye, kurasa mbili, utazipata pamoja na hii au baada yake. Anakula, shingo ni ya ukoo, mwangalie baba yetu.

Jumamosi nilikwenda kumtazama, si kwa ajili ya gazeti, nikanunua kiti kama watu wengine. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kutoka chini huwezi kuona mchezo. Alicheza kwa zamu fupifupi. Katika kipindi cha tatu alimwachia winga mmoja pasi ambayo uwanja mzima ulidhani amekosea, na winga akafunga. Mtu wa kiti cha mbele aliuliza huyo namba thelathini na saba ni nani. Nilimwambia ni mjukuu wa dada yangu. Hakuwa ameniuliza hilo, lakini nilimwambia.

Sasa sikiliza. Mwishoni mwa Januari ligi inasimama kwa siku tano. Jason amepiga hesabu bila kumshirikisha mtu. Akitoka hapa Jumapili usiku, kupitia Ulaya hadi Dar, kisha basi hadi Tanga, atakuwa mlangoni kwako Jumanne jioni. Atalala. Jumatano mchana ataanza kurudi. Ijumaa mazoezi, Jumamosi mechi. Wakati huo utakuwa bado ndani ya nyumba. Ameomba ruhusa kwa kocha, naye amekubali, ila amekubali kwa namna ambayo nimeiona kwa makocha wengi: alimwambia, "Ni juu yako." Luiza anataka aende. Jason mwenyewe amekwisha kununua zawadi yako, sitakuambia ni nini, ni mbaya sana.

Aliniuliza maoni yangu. Nilimwambia nitakuuliza wewe. Safari hii mimi sipimi.

Krismasi njema, wewe na Shahbanu.

Mdogo wako,
Rosario


Tanga, 4 Januari 2008

Mdogo wangu Rosario,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Krismasi ilikwenda vizuri. Kwaya walikula hadi sufuria ikaonekana chini. Bebinka ilitoka tabaka tano, mbili zilikataa. Vyombo nimeanza kuvifunga, Shahbanu ananisaidia, yaani amekaa kitini anasema hicho usikiache.

Kwa kuwa posta haitawahi, nimemwomba mtoto wa Shahbanu akupigie simu leo akuambie maneno mawili: Jason asije, na la pili liko mwishoni mwa barua hii. Barua hii ni ya kukueleza sababu, ili usidhani nimekasirika, wala Luiza asidhani.

Niliposoma barua yako nilikwenda moja kwa moja chumbani kwake nikatandika kitanda. Nilitandika vizuri, hadi pembe. Nikakaa juu yake nikaisoma tena. Jumapili usiku hadi Jumanne jioni, amekaa. Jumatano mchana hadi Alhamisi usiku, amekaa. Ijumaa mazoezi. Rosario, miguu yake ni ya wastani. Umeniandikia mwenyewe, wino wako. Mwenye miguu ya haraka anaweza kuichezea. Miguu ya wastani haikai kwenye ndege na kwenye basi siku nne kisha ikakimbie Jumamosi dhidi ya watu waliolala vitandani mwao. Na kocha aliyesema ni juu yako ndiye atakayemtazama zaidi Jumamosi hiyo. Nimewajua makocha hao kabla yako. Wa kumi na moja akiteleza wiki moja anakuwa wa kumi na nane, na wa kumi na nane ndiye yule wa kuuza magari.

Anifikie hapa nimwone saa chache, halafu nikae Dar kwa masista nikijua kwamba ndiyo mimi niliyemgharimu nafasi yake. Hapana.

Mwambie Bibi amesema alale siku hizo tano. Ale, alale, anyooshe miguu, amwamkie mama yake. Aprili ligi ikiisha atanikuta Dar. Masista wana mlango pia. Zawadi aje nayo hiyo hiyo mbaya.

Usimsomee barua hii. Mwambie kwa kinywa chako, na umwambie nilisema haraka, bila kufikiri.

Nafasi yake kwenye hiyo ndege ya Jumapili njoo nayo wewe. Kitanda kimetandikwa, na wewe huna mechi Jumamosi.

Dada yako,
Otilia